Pipa Lililochemka kwa Soketi Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa maiti. Ndivyo alivyoiita Msimamizi wa Karakana wa hospitali ya misheni iliyoniajiri huku Karagwe, mzee mrefu kutoka Muleba aliyeongea taratibu kama mtu anayesoma somo kanisani. Nilikuwa nimevaa koti la kazi lililonizidi mabega, nikitegemea kupewa bisibisi na kutumwa wodini kubadilisha taa. Yeye aliweka mezani koili iliyoungua na msumeno wa chuma.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Huyu amefariki jana kwenye chombo cha kuchemshia vifaa vya upasuaji. Mpasue, kisha uniambie ameuawa na nini."

Kwa ninyi ambao hamjawahi kuishika, koili ni bomba jembamba la chuma lenye waya ndani. Umeme ukipita, waya unapata moto, bomba nalo linapata moto, na maji yanayolizunguka yanachemka. Kati ya waya na bomba hushindiliwa unga mweupe unaopitisha joto bila kupitisha umeme. Nilikata asubuhi nzima, jasho likinidondoka puani, huku mafundi wanaume wakipita na kuchungulia kama nitalia. Sikulia. Nilikuta sehemu ya chini ni nzima kabisa, na ile iliyopinda juu imeyeyuka na kuwa jiwe jeusi.

"Ameungulia huku juu, mzee," nikamwambia. "Nadhani huku juu hakukuwa na maji."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sasa umeajiriwa," akasema. "Koili haifi kwa kazi nyingi. Inakufa maji yakiikimbia, kwa sababu joto lake linakosa mahali pa kwenda. Ukilijua hilo, mengine yote nitakufundisha."

Na kweli alinifundisha. Kwake nilijifunza kuheshimu erthi, yaani ule waya wa tatu unaokwenda ardhini. Mafundi wengi wa siku hizi wanauona kama pambo. Kifaa kikiharibika na umeme ukaingia kwenye mwili wake wa chuma, erthi ndiyo inayoupeleka ardhini na kuifanya swichi ijikate, kabla mtu hajashika. Msimamizi hakuruhusu mashine yoyote iwashwe wodini kabla hajaiona erthi yake kwa macho. Daktari anaweza kukasirika, muuguzi anaweza kulalamika, yeye atapiga magoti sakafuni afuate ule waya mpaka mwisho. Nilipoondoka pale, magoti ya suruali zangu yalikuwa yamechakaa kama yake.

Nikahamia kiwanda cha kukoboa kahawa. Huko umeme ulikuwa wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawana mzigo, tofauti na nyumbani ambako unaingia waya mmoja tu wa moto. Mhandisi wa Kiwanda alikuwa kijana wa Bukoba, mdogo kwangu kwa umri, aliyesoma hadi chuo kikuu na hakuwa na majivuno hata chembe. Msimu wa kahawa ulipopamba moto, swichi kuu ikawa inajikata kila mara. Wakulima wamejaa uani na magunia, meneja anapiga kelele kwamba tuombe umeme zaidi. Mhandisi akachukua chaki, akachora ukutani mashine zote na ni waya upi unazilisha.

"Adelina, angalia," akaniambia. "Umeme si kidogo. Tumeupanga vibaya. Mmoja kabebeshwa mikungu mitatu, wawili wanatembea mikono mitupu."

Tulihamisha nyaya, na kiwanda kikanguruma mpaka msimu ukaisha. Ni yeye aliyenifundisha hesabu ambayo kila fundi lazima aijue kama jina la mama yake: zidisha volti kwa ampia, utapata wati, yaani nguvu. Soketi ya nyumbani yenye plagi ya ampia kumi na tatu haiwezi kukupa zaidi ya kilowati tatu. Ukiilazimisha, itaanza kuyeyuka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule ya sekondari ya bweni huko Kyerwa. Mkuu wa Shule alikuwa sista aliyetaka kila jambo lielezwe mpaka lieleweke. Siku moja aliniita jikoni.

"Fundi, hebu niambie. Birika hili likiwashwa asubuhi linachemka upesi. Jioni wanafunzi wanalisubiri mpaka wanasinzia. Je, limechoka?"

"Halijachoka, Sista. Jioni kila nyumba kuanzia hapa hadi Nkwenda imewasha taa, televisheni na pasi. Volti zinashuka, na volti zikishuka kidogo, joto linashuka sana."

"Basi tuchemshe asubuhi tuhifadhi kwenye chupa," akasema, na shida ikaisha siku ileile. Nilimpenda sana mkuu yule. Aliniaga kwa misa na mbuzi, nikarudi kwenye migomba yangu nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Kumbe ilikuwa bado. Kazi ninayojivunia kuliko zote niliifanya baada ya kustaafu, katika chumba chenye soketi za kawaida, kwa ajili ya wifi yangu Paskazia.

Paskazia ni mke wa kaka yangu Deo. Wanaishi nje kidogo ya Nkwenda, na kwa miaka mingi yeye na wanawake wenzake wamekuwa wakitengeneza mvinyo wa ndizi. Rubisi, ile pombe yetu ya asili, haipikwi: ndizi zilizoiva hukanyagwa kwa majani, juisi ikachanganywa na mtama wa kukaanga, na kesho yake ikanywewa kabla haijachacha. Mvinyo ni kitu kingine. Juisi lazima ichemshwe kwanza ili vijidudu vya porini vife, ipoe, ndipo iwekwe hamira na kuachwa itulie kwa wiki kadhaa. Kuchemsha huko Paskazia alikufanya kwa kuni, kwenye kibanda chenye moshi mzito, akiinama juu ya pipa na kuengua povu.

Macho yake yakaanza kuharibika. Yalikuwa mekundu wakati wote, yakitoa machozi, na jua la saa sita lilimfanya ajifunike kanga usoni. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari wa macho alimwangalia kwa muda mrefu kwenye mashine yake, kisha akasema, "Mama, dawa nitakupa. Lakini ukirudi kwenye moshi ule, dawa yangu ni bure. Chagua kimoja."

Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Bugene tukashuka kunywa chai, ndipo akaniambia.

"Wifi, mimi najua kitu kimoja tu duniani. Deo ana kahawa yake, wewe una umeme wako. Mimi nina pipa lile. Wakiniambia niliache, nikae pale nyumbani nifanye nini? Niwe naangalia ukuta?"

"Hutaliacha," nikamwambia. "Tutaliondolea moshi."

"Kwa kutumia nini? Gesi?"

"Kwa umeme."

Akacheka huku machozi yakimtoka, na sikujua ni ya macho au ya moyo. "Waitu, ndugu yangu, pombe haijui umeme. Pombe inajua moto."

Nilikwenda kuuliza bei na masharti ya pipa la kiwandani la kuchemshia. Jibu lilikuwa lilelile kila mahali: linahitaji fezi tatu. Nguzo ya fezi tatu iliyo karibu na Paskazia iko mbali, ng'ambo ya bonde. Lakini nyumba yake ilikuwa na umeme wa kawaida, na soketi. Nikakaa barazani kwake nikiitazama ile nyumba kama nilivyoitazama koili yangu ya kwanza. Koili moja ya kilowati mbili na nusu haiwezi kuchemsha pipa la lita mia kwa muda wa maana. Koili mbili zinaweza, ili mradi kila moja iwe na soketi yake.

Nilipata pipa la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa muuza vyuma wa Bukoba. Fundi wa kuchomelea wa Kayanga akanitobolea matundu chini na kufunga koki ya kutolea juisi. Nilimsumbua sana kuhusu hiyo koki. Yeye alitaka iwe chini kabisa ili pipa liishe lote. Mimi nikataka iwe juu ya koili, ili hata mtu akisahau na kufungua mpaka mwisho, koili zibaki zimezama.

"Mama, utakuwa unabakiza juisi ndani," akalalamika.

"Hiyo tutaitoa kwa kuliinamisha pipa likishazimwa. Weka juu."

Tuliliweka katika chumba kimoja cha nyumba ya Paskazia, na tulipoliwasha mara ya kwanza, likiwa na maji matupu, nyumba nzima ikazimika. Nikafungua boksi la swichi. Soketi zote za chumba kile zilikuwa zimefungwa kwenye swichi moja, sawasawa na yule mbebaji wa mikungu mitatu. Nikafuata nyaya, nikakuta soketi za sebuleni zina swichi yao peke yake. Nikapima waya mkuu kutoka kwenye mita, nikaridhika kwamba unaweza kubeba zote mbili. Koili moja ikala chumbani, nyingine nikaivutia waya mnene kutoka sebuleni. Swichi zikatulia. Maji yakachemka. Deo akapiga vigelegele kama mwanamke, tukamcheka.

Tulicheka mapema. Tulipoweka juisi, baada ya muda chumba kikajaa harufu ya sukari inayoungua. Nilizima, tukamwaga, nikazitoa koili. Zilikuwa zimevaa gamba jeusi, gumu. Paskazia alichovya kidole, akaonja, akatema mlangoni.

"Kuni zangu hazijawahi kunifanyia hivi," akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi.

Na hapo ndipo mambo yalipobana. Parokia ilikuwa imewaomba wale akina mama mvinyo wa jubilei, na ili utulie kwa wakati, ilibidi juisi ichemshwe ndani ya juma lile. Ndizi za pombe, zile tunazoziita embire, zilikuwa tayari zimefukiwa shimoni kuiva. Ndizi ikishafukiwa haisubiri fundi. Wenzake wawili walikuja jioni na kusema wazi kwamba kibanda cha kuni bado kipo, na kama Paskazia hawezi, mmoja wao atainama badala yake. Paskazia akasimama.

"Mkipika kwa kuni, nitapika mimi," akasema. "Siwezi kukaa kando mtu mwingine apofuke kwa niaba yangu."

Nikampigia simu yule Mhandisi wa zamani, ambaye sasa ana ofisi yake Mwanza. Nikamweleza gamba, sukari, ukubwa wa koili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Koili zako ni za aina gani?"

"Za hita ya maji ya kuogea. Fupi."

"Hapo ndipo tatizo lilipo. Joto lote hilo linatokea mahali padogo, juisi nzito inagandia. Fundi, wewe unaanika kahawa kwenu. Ukiilundika inakuwaje?"

"Inaoza."

"Na ukiitandaza?"

"Inakauka vizuri." Nikajikuta nacheka peke yangu kwenye migomba. "Unataka nitandaze moto."

"Nguvu ileile, koili ndefu mara tatu, iliyokunjwa. Kuna mtu hapa anazo. Zitapanda basi leo."

Zilifika zimefungwa kwa gunia. Fundi wa Kayanga aliacha geti la mteja likiwa nusu, akatanua matundu ya pipa. Nikaweka mpira mpya wa kuzuia kuvuja, nikafunga swichi ile inayokata umeme mara unapovuja hata kidogo, nikachimbia nondo ya shaba ya erthi kando ya migomba, mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa udongo mkavu haupokei umeme. Kisha nikapiga magoti nikaufuata ule waya kwa macho, kutoka kwenye pipa hadi ardhini.

Asubuhi ya kazi tulianza mapema, kabla majirani hawajaanza kupiga pasi. Deo na vijana wake wawili walikuwa wamekanyaga ndizi, juisi imechujwa, tamu na nyepesi kama asali iliyochanganywa na maji. Tukajaza pipa mpaka koili zikazama vizuri. Paskazia akashika mwiko mrefu. Nikawasha ya kwanza. Nikawasha ya pili.

Swichi hazikujikata. Nikawa natembea kati ya chumba na sebule, nikigusa plagi kwa nyuma ya vidole, maana plagi yenye shida hukuambia kwa joto kabla haijakuambia kwa moshi. Ya chumbani ilikuwa baridi. Ya sebuleni ilianza kuwa vuguvugu, kisha moto. Nikazima. Wale akina mama wakaguna wote kwa pamoja.

"Nini tena?" Paskazia akauliza.

"Soketi imelegea ndani. Wewe usiache kukoroga."

Nilikata umeme, nikaifungua. Meno yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya kuchomekwa redio na simu. Nilikuwa na soketi mpya nzito kwenye mkoba wangu. Fundi asiyetembea na akiba ni mgeni tu. Nilifunga nyaya, nikakaza skrubu mpaka mkono ukauma, nikawasha tena. Nikashika plagi. Baridi. Nikaendelea kuishika, sikuamini. Baridi.

Kipimajoto kikapanda polepole. Sote tukasogea karibu. Kwanza zikaja sauti ndogondogo, kama mvua inayoanza kwenye majani ya mgomba. Kisha juisi ikatikisika katikati, povu jeupe likapanda pembeni, na pipa lote likachemka, likichemka kweli, kwa mfululizo, likitoa mvuke mweupe wenye harufu ya ndizi tupu. Hapakuwa na harufu ya kuungua. Paskazia aliinama, akaengua povu, akakaa pale ameinama, uso wake katikati ya mvuke, macho yamefumbuka wazi.

"Waitu," akasema taratibu. "Naiona mpaka chini."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Deo akanikumbatia, mzee mzima, akaninyanyua kutoka ardhini. Tulipozima na kutoa juisi, nilizichungulia koili kwa tochi. Ziling'aa kama zilivyotoka Mwanza.

Mvinyo ule ulitulia, ukawa mweupe wa dhahabu, bila ladha ya moshi. Siku ya jubilei Baba Paroko alionja, akatazama bilauri, akaonja tena, na akauliza hadharani umetoka nchi gani. "Umetoka chumbani kwangu, Baba," Paskazia akajibu, na uwanja wote ukacheka kwa furaha. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amechemsha pipa lingine akiwa tayari amevaa gauni lake jeupe la sherehe. Aliweka mwiko chini, akanawa mikono, akaja kanisani.

Sasa nina nafasi ya kutafakari, nami nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii: umeme wa nyumbani kwenu si wa kudharauliwa. Watu wengi huketi kusubiri nguzo kubwa, mashine kubwa, mradi mkubwa, wakati nguvu waliyonayo haijagawanywa vizuri. Pimeni kwanza. Ulizeni aliyesoma zaidi yenu, naye ataona raha kuulizwa. Na msiiwashe kazi ya mtu mpaka mjue erthi inaishia wapi. Nilifanya kazi chini ya wakuu watatu wema, na sidhani kama hata mmoja wao alijua kwamba ananifundisha kutengeneza mvinyo.

Tangu pipa lile nimetengeneza mengine, Bugene, Kihanga na hata karibu na mpaka. Macho ya Paskazia yametulia. Daktari alimwambia asiendelee kurudi kumpotezea muda. Mwezi uliopita akina mama wa Kihanga walituita tuwafundishe, nami nikajiandaa kusema. Kabla sijasimama, Paskazia alikuwa tayari mbele, ameinua koili kwa mkono mmoja, anawaeleza ule unga mweupe ulioko ndani, kwa nini koki ikae juu, kwa nini plagi iguswe kwa nyuma ya vidole. Alieleza kwa Kiswahili, akaona wengine wamekunja nyuso, akarudia yote kwa Kinyambo, vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Yule fundi amesomea wapi?"

"Nkwenda," nikamjibu.

Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga pamoja nao, kwa nguvu kuliko wote.